Simu na Isimu

Wahenga walinena kuwa kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha zisizo na idadi na nikatuzwa alama kwayo. Hata hivyo, sikuielewa hadi siku nilipoketi chini ya mwembe mjini Voi, mkononi nikiwa na kipande cha simu nilichokuwa nimekivunja mwenyewe miaka 11 kabla ya siku hiyo. Mpenzi msomaji, niwie radhi nikikurudisha nyuma kidogo, maana kisa changu na simu za kuzungusha hakieleweki pasipo kuanza mwanzo.

Chini ya kitanda changu bwenini mna simu saba. Nne ni nyeusi, za bakelaiti, nzito kama mawe ya kusagia. Mbili ni za plastiki ya rangi ya maziwa, na moja ni ya kijani. Hakuna hata moja iliyounganishwa na waya wowote wa nje. Mwenzangu tunayeishi naye chumba kimoja huwaambia wageni kwamba analala katika makumbusho. Wengine huniuliza swali ambalo nimelizoea kama salamu: "Dada, za nini hizi, ilhali simu unayo mfukoni?" Kwa muda mrefu nilikosa jawabu. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa simu. Aliajiriwa mwaka 1968, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na hupenda kusema kwamba Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977 yeye alikuwa juu ya nguzo, na aliposhuka alikuta ana mwajiri mpya. Alistaafu mwaka 1998, mwaka mmoja kabla ya Shirika la Posta na Simu nchini Kenya kugawanywa. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ni ngazi, koleo, nyaya na vumbi jekundu la Taita.

Nyumbani kwake, juu ya kabati la sebuleni, palikuwa na simu nyeusi iliyofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa na marehemu Nyanya. Mimi nilipopata fahamu, simu ile ilikuwa bubu tayari. Wezi wa shaba walikuwa wamezikata nyaya za mtaa mzima, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na simu ya mkononi, hakuna aliyeona haja ya kuzirejesha. Hata hivyo, Babu aliipangusa vumbi kila Jumapili. Sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa, nasi tulitii, isipokuwa mimi.

Mwaka 2011, nikiwa na umri wa miaka tisa, niliambiwa na mvulana wa jirani kwamba ndani ya simu mna sumaku yenye nguvu za kuinua misumari kumi. Mchana mmoja Babu alipokwenda sokoni, niliufungua mkono wa simu. Kifuniko cha upande wa kusikilizia kilizunguka chenyewe, na skrubu za ndani nikazitoa kwa ncha ya kisu cha jikoni. Niliipata sumaku. Niliinua misumari sita, si kumi, kisha nikaipoteza sumaku yenyewe mtoni siku iyo hiyo.

Babu aliporejea hakunichapa. Aliviokota vipande kimoja kimoja, akavitia katika kopo la maziwa ya unga, akalifunika. Kisha akaniambia maneno machache ambayo sikuyaelewa: "Mjukuu wangu, umeitoa sikio." Nilidhani anatania. Simu ina sikio? Lakini tangu siku hiyo simu ile haikupanguswa tena vumbi.

Miaka ikapita. Nikafaulu mtihani wa kidato cha nne, na mwaka 2021 nikajiunga na chuo kikuu. Nilipompigia Babu kumpasha habari, aliniuliza, "Unakwenda kusomea nini huko?"

"Isimu, Babu. Isimu na fasihi ya Kiswahili."

Palikuwa na kelele za upepo kwenye laini. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Nyanya atutoke. "Simu!" akasema. "Mungu ni mkubwa! Damu si maji, mjukuu wangu. Nilijua mmoja wenu atalishika koleo langu."

Nilipaswa kumsahihisha papo hapo. Sikumsahihisha. Furaha yake ilikuwa kubwa mno na muda wangu wa maongezi ulikuwa mdogo, nami nikajiambia nitamweleza nikienda nyumbani. Likizo ya kwanza ilipofika, nilikuta mtaa mzima umekwisha kuarifiwa. Siku ya pili asubuhi, jirani mmoja alibisha hodi akiwa ameshika simu ya mkononi iliyozama ndani ya ndoo ya maji. "Mzee ametuambia wewe ni mhandisi wa simu," akasema kwa heshima. Babu alikuwa ameketi kando, kifua mbele, akingoja kuona maajabu.

Nikasema kweli. Kosa langu kubwa halikuwa hilo, bali namna nilivyolisema. Kwa majivuno ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilisimama mbele ya wazee wale nikaeleza kwamba maneno haya mawili hayana udugu hata chembe: kwamba isimu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya jina, ilhali simu limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Jirani alitikisa kichwa kwa adabu na kuondoka na simu yake. Babu aliinuka polepole. "Kumbe ni maneno tu," akasema, akaingia ndani.

Maneno tu! Kauli hiyo ilinichoma kama pasi. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yakawa mafupi kama risiti. Shikamoo, marahaba, mvua imenyesha, haijanyesha, kwaheri. Hakunikasirikia, nadhani aliona haya mbele ya jirani, na haya ya mzee ni nzito kuliko hasira yake. Nami nilikuwa na kiburi cha kutotaka kuomba radhi kwa kusomea lugha yangu mwenyewe. Basi tukanyamaziana kwa zaidi ya mwaka.

Mwaka 2022 nilikuwa Gikomba nikitafuta viatu vya mtumba. Kando ya njia, mchuuzi wa vyuma chakavu alikuwa amechuchumaa na nyundo mkononi, na mbele yake, juu ya kipande cha reli, palikuwa na simu nyeusi kama ile ya Babu. Alikuwa karibu kuipasua apate kengele zake mbili za shaba nyeupe na nyaya za ndani, vitu vinavyouzwa kwa kilo. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilipaza sauti, "Usiipige!" Aliitisha shilingi 1,500. Tulivutana hadi 600. Viatu sikununua.

Usiku ule niliigeuza, nikalegeza skrubu za chini, nikaufungua mwili wake. Ndani ya mkono wake, chini ya vumbi la miaka, palikuwa na alama iliyopigwa: 164 56. Nilikuja kujifunza kuwa tarakimu za kwanza ni aina ya mkono wenyewe na za pili ni mwaka, yaani 1956. Ilikuwa simu ya muundo wa Uingereza uliokuwa ukitumika kule tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika kisanduku chembamba cha kuvutwa kilichokuwa tumboni mwake mlikuwa na kadi yenye maandishi ya penseli yaliyofifia: daktari, duka la nyama, shule, na nambari za tarakimu chache mbele ya kila neno. Nilikaa nayo kadi ile kitambo. Kuna mtu aliyewahi kuamka usiku wa manane, akaivuta kadi hiyo kwa mikono inayotetemeka, akamtafuta daktari.

Hebu nikueleze, msomaji, kilichonishangaza zaidi. Mimi nilidhani ukizungusha kisahani cha simu hiyo unaituma nambari. Sivyo. Ukitia kidole katika tundu la 5 na kuzungusha hadi kwenye kizuizi, hujapeleka chochote bado. Unakaza springi tu. Kazi hufanyika unapokiachilia. Kisahani kinaporudi mahali pake, huukata mkondo wa umeme mara tano, kwa kasi ya mikato kumi kila sekunde. Huko kwenye kituo cha simu, mitambo huihesabu mikato hiyo na kupanda ngazi moja kwa kila mkato. Kwa hivyo 5 ni mikato mitano, 9 ni mikato tisa, na sifuri, ambayo sisi huichukulia kuwa utupu, ni mikato kumi, kubwa kuliko zote. Mzizi wa mitambo hiyo ni uvumbuzi wa Almon Strowger, mzishi wa mjini Kansas City, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1891. Husimuliwa kwamba alichoshwa na mpokea simu wa kituoni aliyekuwa akiwaelekeza wateja wake kwa mzishi mwingine, akaamua kubuni mtambo usio na upendeleo. Kisahani kilifuata miaka michache baadaye.

Simu yangu ya Gikomba ilikuwa na ugonjwa. Kisahani chake kilirudi kwa kujikokota, kama mzee anayepanda kilima. Nilitafuta mafunzo mtandaoni nikayapata, yote kwa lugha za kigeni. Nikajifunza kwamba nyuma ya kisahani mna kifaa kidogo chenye mikono miwili inayozunguka ndani ya kikombe. Kasi ikizidi, mikono hutanuka, ikasugua ukuta wa kikombe na kupunguza mwendo. Nikanunua mafuta ya cherehani, nikayamimina humo kwa ukarimu. Lahaula! Kisahani ambacho awali kilitambaa sasa kikaanza kurudi kwa mbio za kutisha, kikilia kama nyuki. Nilikuwa nimeifanya breki kuwa na utelezi.

Kwa muda wa majuma mawili niliiosha, nikaikausha, nikaiharibu tena. Kila nilipokwama nilijua fika kwamba yuko mtu mmoja ambaye angeliona kosa langu kwa kutupa jicho tu. Kiburi kilinikataza. Katika kipindi hicho nilinunua simu ya pili, mbovu kabisa, kwa ajili ya vipuri vyake. Mwili wake ulikuwa umepasuka vipande vitatu, lakini nilipoufungua mkono wake nilikuta sehemu ya kusikilizia ikiwa nzima, sumaku yake imo, kiwambo chake hakina hata kutu. Nilikishika kipande hicho kiganjani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kauli ya Babu. Hili lilikuwa sikio.

Disemba ya mwaka huo nilipanda garimoshi la reli ya kisasa hadi Voi. Mkobani nilikuwa na nguo mbili, simu ya Gikomba, na lile sikio nililolifunga kwa leso.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mvua huko imenyesha?"

"Imenyesha."

Nikaitoa simu, nikaiweka mezani. Hakusema neno. Alivuta kiti, akatia kidole chake cha shahada katika tundu la sifuri, akazungusha, akaachilia, kisha akafumba macho akasikiliza. "Inakimbia," akasema. "Nani aliyemlewesha askari?"

"Askari gani, Babu?"

Akaigeuza simu, akanionyesha ile mikono miwili ndani ya kikombe. "Huyu. Kazi yake ni kuwazuia wengine wasikimbie. Wewe umemnywesha mafuta, amelewa, hazuii tena."

Nikacheka bila kukusudia. Nikamwambia kwamba chuoni tungekiita kidhibiti mwendo, kama vile vilivyotiwa kwenye matatu kutokana na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Babu alinitazama, na pembe za midomo yake zikaanza kucheza. "Basi humu ndani mna Michuki," akasema. Tukacheka sote wawili. Ndivyo kimya chetu kilivyovunjika, kwa mzaha juu ya kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Siku nne zilizofuata zilikuwa darasa ambalo sijalipata katika ukumbi wowote wa mihadhara. Babu aliniagiza nioshe kikombe cha askari kwa petroli kidogo, mbali na moto, nikipanguse hadi kikauke kabisa. Kisha akatwaa mafuta ya saa, akachovya ncha ya sindano, akaweka tone moja kwenye kila ekseli na si kwingineko. "Mafuta ni kama chumvi," akasema. Alinifundisha kuing'arisha bakelaiti kwa kitambaa laini, bila maji ya moto, na kuitambua kwa pua: ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto, hutoa harufu inayokaribia ile ya dawa ya hospitali. Alinieleza kwamba sehemu ya kusemea imejaa chembe za makaa ambazo hubanwa na kuachiliwa na sauti, zikaupunguza na kuuongeza mkondo wa umeme, wazo ambalo Thomas Edison alilishughulikia katika miaka ya 1870. Chembe hizo zikikaa sana bila kutumiwa hushikamana, na dawa yake ni kuugonga mkono wa simu kidogo kwenye kiganja.

Alinisimulia pia jinsi fundi anavyoweza kuumwa na kengele. Laini ya kawaida hubeba takriban volti 50, ambazo mkono mkavu hauzihisi sana. Lakini mtu akipiga simu wakati huo, umeme wa kuigonga kengele huja, takriban volti 75 za mkondo geu, na fundi aliye juu ya nguzo na mikono yenye jasho hupata habari zake. "Nimeumwa na watu wengi ambao hawakujua wananiuma," akasema.

Kila alipotaja kitu, nilikiandika. Mwanzoni nilifanya hivyo ili nisisahau kazi. Kufikia siku ya pili niligundua kwamba ninaandika jambo jingine. Kile ambacho vitabu vya kigeni hukiita kwa majina ya kiufundi yasiyotamkika, Babu na mafundi wenzake walikiita kwa Kiswahili chepesi. Sehemu ya kushika ni mkono. Ncha zake mbili ni sikio na mdomo. Mahali unapolazwa mkono ni kiti. Waya unaouunganisha mkono na mwili ni mkia. Chembe za makaa ni makaa tu. Springi ya kisahani ni moyo, kwa kuwa ndiyo inayorudisha. Walikuwa wameichukua mashine iliyoundwa ng'ambo wakaipa viungo vya mwili, na katika kuipa majina wakaimiliki. Wala hawakumwuliza mtaalamu yeyote.

Jioni moja Babu aliniuliza, "Hicho unachoandika kila mara ni nini?" Nikampa daftari. Alivaa miwani, akasoma ukurasa hadi ukurasa kwa kidole. Niliona midomo yake ikitamka: askari, sikio, kiti, mkia, moyo. Nikamweleza kwamba sisi tunaosomea isimu tumekuwa na kamusi maalumu ya taaluma yetu tangu mwaka 1990, lakini maneno haya yake sijayakuta katika kamusi yoyote niliyoifungua. Kwamba wenzake wakizikwa, yatazikwa nao. Kwamba mojawapo ya kazi za isimu ni hiyo: kufika kabla ya mazishi.

Alinyamaza kitambo. "Kumbe ni kazi," akasema. Baada ya kitambo kingine akaongeza, "Askari umelikosea. Umesema ni breki. Si breki. Breki husimamisha; askari huzuia tu." Nikafuta, nikaandika upya.

Asubuhi iliyofuata niliifungua leso, nikampa lile sikio. Alilitambua kabla sijasema lolote. Akaenda chumbani akarudi na kopo la maziwa ya unga, lile lile, lenye kutu ukingoni. Ndani yake vipande vyote vilikuwamo, hadi skrubu ya mwisho. Nikamwomba radhi, si kwa sumaku peke yake. Naye akanieleza kile ambacho hakuwahi kuwaambia wajukuu. Katika miaka yote ya kazi yake, kila alipomaliza kurekebisha laini, ilimbidi kupiga simu moja ya kujaribia. Simu hiyo aliipiga nyumbani. Nyanya alijua. Aliuinua mkono, akasema neno moja tu, "Nakusikia," akaurudisha kitini, maana muda haukuwa wao. Neno hilo moja ndilo lililomjulisha Babu kuwa laini i nzima, na kwamba nyumbani kwema. Lilipita katika sikio lile mara zisizo na hesabu.

Msomaji wangu, nilitamani ardhi inimeze. Lakini kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Tulifanya kazi hadi adhuhuri. Babu alishikilia, mimi nikakaza skrubu, kwa kuwa mikono yake siku hizi hutetemeka. Sikio jipya lilikaa barabara mahali pa lile la kale, kwa sababu simu hizo ziliundwa kwa kipimo kimoja ili kipuri cha moja kiifae nyingine.

Kwa kuwa hapakuwa na laini, tuliunda yetu. Tuliazima kwa jirani betri ya bodaboda ya volti 12, yule yule jirani wa ile simu iliyozama majini, tukatoa ghalani waya wa zamani wa mita 40 hivi. Simu ya Babu ikabaki sebuleni juu ya kabati. Ya Gikomba nikaipeleka chini ya mwembe. Tukaziunganisha pamoja na betri katika duara moja. Kengele haziwezi kulia kwa mpango huo, kwani zinadai mkondo geu. Lakini kusema kunawezekana, kwa sharti moja ambalo Babu alilirudia mara mbili: mkono mmoja ukibaki kitini, duara halifungiki na hakuna mkondo unaopita. Hakuna anayeweza kumsemesha mwenzake ikiwa mwenzake hajainua. Lazima wote wawili wainue.

Nikaketi chini ya mwembe, nikauinua mkono. Kimya. Nikaugonga kidogo kwenye kiganja, kama nilivyofunzwa. Nikasema, "Babu? Moja, mbili, tatu. Unanipata?"

Pakapita muda. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya kabati, bado hajainua. Kisha mkono wake ukapanda, na mkwaruzo mdogo ukapita sikioni mwangu, na sauti yake ikaja, nzito na ya karibu, kana kwamba imetoka ndani ya shina la mti.

"Nakusikia," akasema.

Sikuweza kujibu mara moja. Baadaye tuliongea kwa nusu saa, mita 40 baina yetu, tukisema mambo ambayo hatukuwa tumeyasema tukiwa meza moja.

Tangu hapo nimeendelea kukusanya. Simu zangu zimefika saba, na daftari langu lina maneno 63, kutoka kwa Babu na kutoka kwa wazee wenzake wawili alionipeleka kwao mwenyewe. Alinitambulisha kwao hivi: "Huyu mjukuu wangu anasomea isimu," akaitamka silabi ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, kama fundi anayekaza skrubu ya mwisho.

Ndugu zangu wanachama, sisi tunaokitetea Kiswahili hulalamika mara kwa mara kwamba lugha yetu haina istilahi za sayansi na teknolojia. Tunaketi katika vyumba vyenye viti laini tukiunda maneno, kisha tunashangaa wananchi wasipoyatumia. Sisemi kazi hiyo haina faida. Nasema tu kwamba nje ya vyumba hivyo, katika karakana za Kamukunji, gereji za Kariobangi, bandari ya Mombasa na vibanda vya mafundi redio kila mji, kuna watu ambao wamekuwa wakivipa vitu majina kwa miaka hamsini, na wengi wao sasa wana mvi. Kila mmoja wetu ana babu, mjomba au jirani wa aina hiyo. Nenda na daftari. Nenda pia na kitu kilichoharibika, kwani fundi hakuambii neno mkono ukiwa mtupu.

Hilo ndilo jawabu langu kwa wanaoniuliza simu hizi ni za nini. Sizitumii kupiga kokote. Zimenifunza kuinua mkono na kungoja, nikijua kwamba mtu wa upande wa pili naye lazima ainue wake. Na simu ya Babu imerudi juu ya kabati, chini ya kitambaa cha Nyanya. Nimeambiwa kwamba kila Jumapili hupanguswa vumbi.